Liva Inacheza, Giaboksi Haina Kosa

MASWALI YA WASOMAJI: GARI NA FUNDI

Barua nyingi za safari hii zinaeleza ugonjwa mmoja kwa namna tofauti: liva ya gia au ya fowili (ya kufanya magurudumu yote manne yavute) inasogea, lakini kule chini hakuna kinachotii. Tumechagua zile za magari ya fowili (4WD) ya zamani, maana huko ndiko giaboksi nzima zinakoshushwa kwa kosa la kitu kinachotosha mfukoni.

SWALI: Ndugu fundi, nina Hilux Surf ya mwaka 1994, injini 1KZ, otomatiki. Niliiegesha sokoni kwa P. Niliporudi, liva ilikuwa laini kama haijashikwa na kitu. Nikiipeleka D, kwenye dashibodi taa inabaki P na gari halisogei. Gereji moja imeniambia silekta za ndani (sehemu zinazochagua gia) zimevunjika na giaboksi lazima ishushwe. Nikubali? – Msomaji, Iringa

JIBU: Usikubali, ndugu. Ushahidi umeutoa mwenyewe. Taa za P (kuegesha), R (riversi), N (nyutro) na D (kwenda mbele) kwenye dashibodi haziwashwi na liva unayoishika; zinawashwa na swichi iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi, kwenye shafti ileile inayobadilisha gia. Liva ikiwa D na taa ikabaki P, shafti hiyo haikuzunguka hata kidogo. Na liva ikiwa laini, hakuna kitu inachokivuta. Kati ya liva na shafti ipo rodi ya chuma, na kwenye viungo vyake ipo bushi, yaani pete ya plastiki inayokaa kati ya pini na tundu, isiyozidi ukubwa wa kifungo cha koti. Hiyo ndiyo ya kutafuta kwanza.

Kabla ya kulala chini ya gari, zima injini, acha ekzosi ipoe, vuta breki ya mkono, na weka mawe au magogo mbele na nyuma ya matairi mawili. Liva ya transfa (boksi linalofuata giaboksi, lenye liva ya fowili) iwe H2, yaani magurudumu mawili kwa mwendo wa kawaida, isiwe N. Hili watu hulisahau: transfa ikiwa N, magurudumu yameachana na giaboksi, kwa hiyo P haishiki chochote hata kama ni nzima. Ukinyanyua kwa jeki, gari likalie stendi.

Mtu mmoja akae ndani asogeze liva polepole kutoka P hadi L, wewe ufuatishe mwendo kwa tochi kuanzia juu kwenda chini. Mkono unaotokea chini ya sakafu ukitulia wakati liva inasogea, kosa liko ndani ya kabini, chini ya konsoli, kwenye pini au bolti ya kitako cha liva. Mkono huo ukisogea na rodi ikabaki inaning'inia, bushi au klipu ya ncha ya juu imekwenda. Rodi ikitembea lakini mkono mfupi wa kwenye giaboksi ukatulia, basi ni ncha ya chini. Halafu kuna hali moja inayowadanganya hata mafundi wazoefu: mkono mfupi unasogea vizuri, ila shafti iliyo katikati yake haizunguki. Hapo nati imelegea na tundu la mkono limeliwa hadi linateleza juu ya shafti. Tia alama ya chaki kwenye ncha ya shafti na kwenye mkono, kisha liva isogezwe tena. Alama zikiachana, umemkamata mwizi.

Ni pale tu vyote vinapotembea, shafti ikiwemo, na gari bado haliendi, ndipo mtu ana haki ya kuzungumzia ndani ya giaboksi. Hata hapo aanze na mafuta: giaboksi ikiwa ya moto, injini ikiunguruma bila kukanyagwa, liva ipitishwe gia zote na kurudishwa P, ndipo dipstiki isomwe.

Ukishaiona ncha iliyoachana, usiirudishe kwa haraka. Osha viungo vyote kwa mafuta ya taa na brashi, kausha, kisha kagua tundu, pini na bushi, kila kimoja kwa zamu. Pini yenye mfereji ulioliwa itatafuna bushi mpya, ibadilishwe. Tundu lililokuwa duara na sasa lina umbo la yai lijazwe kwa kuchomelea na kutobolewa upya, lakini mkono uwe umefunguliwa na uko mezani. Ukichomelea mkono ukiwa bado kwenye giaboksi, joto litaua sili ya shafti, na ndani ya wiki utaanza kuongeza mafuta bila kujua yanakokwenda.

Dukani nunua bushi za ncha zote mbili, kwa kuwa zimezeeka pamoja, washa bapa, klipu au splitipini mpya, na grisi. Nenda na bushi ya zamani hata kama ni vipande, pamoja na namba ya chasisi. Ukisema tu "bushi ya gia ya Surf", utarudi na kitu kinachofanana na chako na kisichokaa. Bushi ya nailoni iloweke kwenye maji ya moto dakika chache ilainike, kisha iingize kwa bolti ndefu, washa mbili kubwa na nati, ukiikaza taratibu hadi ukingo ukae. Nyundo huipasua ukingo, na ufa huo huuoni mpaka bushi ichomoke tena.

Sasa kurekebisha, na hapa ndipo kazi nzuri huharibiwa. Legeza nati inayobana rodi. Chini, sukuma mkono wa shafti hadi mwisho upande wa P, kisha urudishe nochi mbili: ya kwanza ni R, ya pili ni N. Nochi utazisikia kwa vidole. Ndani, weka liva N. Mwenzako aiegemeze kidogo upande wa R, bila kuitoa N, ili ulegevu wote wa viungo uishie upande mmoja, na wewe kaza nati wakati huohuo. Kipimo cha Toyota ni 13 Nm, yaani spana fupi na nguvu ya kiwiko tu. Anayening'inia kwenye spana hapo hukata uzi.

Usirekebishe kwa kubahatisha ukiwa D. Rodi ikiwa fupi au ndefu kwa milimita chache, vali ya ndani inasimama katikati ya njia mbili, shinikizo la mafuta linapungua, na klachi za ndani zinateleza na kuungua. Hivyo ndivyo bushi ya bei ndogo inavyogeuka kuwa giaboksi iliyokufa kweli, na mwenye gari akaamini gereji ilisema kweli tangu mwanzo.

Ukimaliza, jaribu kuwasha injini kwenye kila nafasi ya liva, mguu ukiwa juu ya breki: iwake P na N pekee. Taa za riversi ziwake R tu. Kisha peleka gari kwenye mteremko mdogo, weka P, achia breki taratibu huku mguu ukiwa tayari. Likisogea kidogo likashika, ni sawa. Likiendelea kuteremka, rudi chini ukarekebishe.

Usiidharau bushi hii kwa udogo wake. Mwaka 2022 Ford iliita magari takriban milioni 2.9 nchini Marekani kwa ajili ya bushi ya ncha ya kebo ya gia: ikichakaa, dereva anaweka P, anatoa ufunguo, na giaboksi bado iko kwenye gia nyingine. Hatari yenyewe haichagui gari jipya wala la zamani. Wewe umepata bahati kwamba yako iliachana ikiwa P.

SWALI: Fundi, mimi bushi ya rodi sijaipata duka lolote hapa. Fundi mmoja amefunga kwa waya, mwingine anataka kuchomelea rodi moja kwa moja kwenye mkono, anasema "haitachomoka milele". Lipi bora? – Msomaji, Kigoma

JIBU: Kuchomelea, hapana kabisa. Giaboksi imekalia mipira, na kila unapokanyaga mafuta inayumba wakati liva imefungwa kwenye bodi. Kile kiungo kinapaswa kuzunguka ili mwendo huo umalizikie pale. Ukikiua, mwendo utatafuta pengine pa kwenda: rodi itapinda, au sehemu ya liva itavunjika ndani ya kabini, au shafti itaanza kuvujisha mafuta. Hayo yote ni ghali kuliko bushi.

Waya ni wa kukufikisha nyumbani. Ukilazimika kuutumia, kwanza kata kipande cha mpira wa paipu ya dizeli kinachoingia kwa kubana kwenye tundu, pitisha pini, weka washa kila upande, kisha funga waya wa kujengea kwenye tundu la splitipini. Mpira unazuia chuma kusaga chuma. Kamba za plastiki za kufungia nyaya usizitegemee karibu na ekzosi. Zinalainika na kukatika. Na kila unaposimama, breki ya mkono na jiwe, P usiiamini.

Suluhisho la kudumu ni fundi wa kukereza. Mpelekee mkono na pini vyenyewe, si vipimo ulivyokadiria kwa rula. Akikuuliza plastiki ipi, mwambie asetali, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la Delrin. Nailoni ya kawaida inafanya kazi, lakini inanyonya unyevu na kuvimba, kwa hiyo bushi iliyokuwa nyepesi kiangazi inaweza kubana masika. Liva ikiwa nzito wakati wa mvua peke yake, sababu ni hiyo. Kwa pini ya milimita 10, tundu la ndani la 10.1 hadi 10.2 linatosha. Nje iingie kwa kubana. Aache ukingo upande mmoja na mfereji wa klipu upande wa pili. Shaba pia inafaa, ila inadai grisi kila unapofanya sevisi, na ikikauka itakula pini. Ukishamlipa kwa moja, mwambie akukereze nne. Mashine imeshafungwa, kazi iliyobaki ni ndogo.

SWALI: Salamu fundi. Nina Land Rover Defender 110 ya 300Tdi. Difloki, ile ya kufungamanisha magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke pamoja, haishiki. Nikisukuma liva ndogo pembeni inaenda nusu halafu inakwama, taa haiwaki. Hai na lo (mwendo wa kawaida na wa nguvu) zinaingia bila shida. Nimeambiwa transfa imeisha. – Msomaji, Nanyuki

JIBU: Transfa yako ni LT230, ile ambayo Land Rover ilianza kuifunga kwenye One Ten mwaka 1983, na ugonjwa huo ni wa kuzaliwa nao. Hai na lo zinaendeshwa na kiungo kimoja, difloki na kingine. Kimoja kuwa kizima na kingine kukwama ni ishara njema: liva na kitako chake havina neno.

Chanzo kikubwa ni kutotumika. Difloki ina shafti fupi inayopita kwenye kifuniko cha alumini mbele ya transfa, yenye oringi ya kuzuia mafuta. Gari likikaa miezi barabara ya lami bila kuigusa, maji na vumbi huingia, alumini huota unga mweupe, na shafti inagandamana na tundu lake. Dereva anasukuma kwa nguvu, na anachofanikiwa ni kupinda rodi au kuchomoa pini yake. Ndipo inaonekana kama kiungo kimeachana, kumbe kuachana kulikuja baadaye.

Sasa sikiliza la usalama kabla ya spana. Breki ya mkono ya Land Rover haimo kwenye magurudumu ya nyuma. Inashika shafti ya kutokea nyuma ya transfa. Difloki ikiwa imefunguliwa, ukinyanyua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu (gia zinazoruhusu magurudumu kuzunguka kwa kasi tofauti) zinaachia na gari linaweza kutembea huku breki ya mkono imevutwa hadi mwisho. Kwa hiyo magogo, si jiwe dogo, mbele na nyuma ya matairi yaliyobaki chini. Watu wameumia kwa kutolijua hili.

Toa boksi la katikati ya viti na bamba lililo chini yake. Utaiona transfa kwa juu bila kulala matopeni. Tafuta rodi ya difloki, toa splitipini na pini yake, ili liva na transfa viachane. Sogeza liva: sasa iende pembeni bila kizuizi. Kisha shika mkono mdogo wa kwenye transfa kwa vidole, au kwa koleo bila kuuma, na uujaribu mbele na nyuma. Ukiwa mgumu, umeupata. Pulizia mafuta ya kulainisha kutu kwenye maungio, acha usiku kucha, kesho yake anza kwa mwendo mdogo, huku na huku, ukiongeza kidogo kidogo. Usiugonge kwa nyundo kuelekea upande mmoja. Wakati mwingine meno ya ndani hayajalingana na ndiyo yanayouzuia. Mwenzako asukume gari nusu mita, utauona ukidondokea mahali pake.

Mkono ukishakuwa mwepesi, usifunge bado. Unga ule bado upo ndani na utarudi. Toa kifuniko cha pembeni, weka chombo chini kwa ajili ya mafuta yatakayotoka, chomoa shafti, isugue kwa msasa laini wa maji, safisha tundu, weka oringi mpya na grisi. Wakati wa kurudisha, hakikisha ncha ya mkono wa ndani imekaa kwenye mfereji wa uma. Ukikosea hapo, utafunga kila kitu vizuri na difloki isishike tena. Paka gundi ya gasketi, kaza, kisha angalia mafuta: EP90, yajazwe hadi yaanze kutoka kwenye tundu la kujazia, gari likiwa limesimama sawasawa.

Kuhusu taa: difloki inaweza kushika bila taa kuwaka. Chomoa nyaya mbili za swichi iliyo juu ya kifuniko cha mbele, uziguse pamoja, swichi ya gari ikiwa imewashwa. Taa ikiwaka, waya na balbu ni vizima, swichi ndiyo mbovu au imekaa juu mno. Kuirekebisha: shikisha difloki kwanza, legeza nati ya kufungia, zungusha swichi kuingia ndani hadi taa iwake, ongeza nusu mzunguko, kaza nati. Ukitaka uhakika usiotegemea taa, nyanyua gurudumu moja la mbele, gia kuu nyutro, breki ya mkono imevutwa, magogo yapo. Difloki ikiwa imeshika, gurudumu halizunguki kwa mkono. Ikiwa imefunguliwa, linazunguka.

Halafu itumie. Mara moja kwa mwezi, ukiwa barabara ya vumbi, ishikishe, nenda mita mia, ifungue. Ikigoma kufunguka baada ya kupita mahali pagumu, usipigane na liva: rudi nyuma mita chache huku ukiyumbisha usukani, mkazo utaachia na taa itazima yenyewe.

SWALI: Shikamoo fundi. Tunabebea mboga kwa Hilux LN106 ya gia za mkono. Liva imelegea sana, namba mbili na riversi naitafuta kama mtu anayepapasa gizani, na jana liva ilizama chini kidogo. Mume wangu anasema ni klachi. – Mama msomaji, Lushoto

JIBU: Marahaba, mama. Klachi mbovu hufanya gia ziwe ngumu au zikwaruze, hailegezi liva. Liva iliyozama ni kikombe cha plastiki kilicho kwenye ncha yake ya chini, kimevunjika. Kwenye Hilux hii hakuna rodi ndefu: liva inaingia moja kwa moja juu ya giaboksi, kwa hiyo kazi yote inafanyika ukiwa umekaa ndani.

Liva iwe nyutro. Fungua kirungu, toa mpira wa juu na skrubu zake, kisha mpira wa ndani. Kabla ya kufungua zaidi, safisha vumbi lote kuzunguka shina la liva kwa hewa au brashi yenye mafuta ya taa, maana unakaribia kufungua giaboksi, na mchanga ukiingia humo utasaga beringi. Funika kifuniko cha duara kwa kitambaa, kibonyeze chini kwa nguvu dhidi ya springi, kizungushe kinyume cha saa, kisha vuta liva nzima juu.

Kikombe kikitoka vipande, vipange mezani hadi vitimie umbo lake. Kinachokosekana kiko ndani. Kitoe kwa koleo refu na tochi, sumaku haivuti plastiki. Weka kikombe kipya kilichojazwa grisi, na bushi ya duara ya kwenye tufe la liva ibadilishwe pia. Rudisha kwa kubonyeza na kuzungusha. Kabla ya kuwasha, kanyaga klachi na upitishe gia zote, riversi ikiwemo. Liva ikikataa gia moja, usiilazimishe; itoe uangalie kama ncha imekaa ndani ya kikombe au pembeni yake. Liva ndogo ya transfa nayo huzeeka vivyo hivyo, ila yenyewe imeshikwa na klipu ya duara inayotolewa kwa koleo.

Mkimaliza na bado liva inacheza, tazameni tufe lenyewe. Likiwa bapa upande mmoja, tafuteni liva nyingine kwenye spea za mtumba.

SWALI: Hilux yangu ikiwekwa H4 taa ya 4WD inawaka lakini matairi ya mbele hayavuti. Kiungo cha liva kimeachana? – Msomaji, Kitui

JIBU: La. Taa inakuambia transfa imeshaunganisha propela ya mbele (shafti inayopeleka nguvu kwenye eksli ya mbele), kwa hiyo liva imefanya kazi yake. Angalia habu za magurudumu ya mbele, vile vifungo vya katikati ya gurudumu: zote mbili ziko LOCK (zimeshika), au moja iko FREE (imeachia)? Mtu mmoja aendeshe polepole sana kwenye udongo, wewe simama kando, mbali na matairi, uitazame propela ya mbele. Ikizunguka na matairi hayavuti, ni habu au eksli. Habu moja tu ikiachia, difu ya mbele inapeleka nguvu zote upande huo na hupati kitu.

SWALI: Jeep Cherokee yangu ya 1998, transfa NP231, liva inafika 4LO (fowili ya lo) lakini gari linabaki fowili ya hai. Huku chumvi ya barabarani inakula kila kitu. – Msomaji, Minnesota

JIBU: Hapo kiungo hakijaachana, kimepotea kipimo, au kutu imekizuia kufika mwisho. Weka liva 4LO. Chini, legeza bolti ya kile kishikio ambacho rodi inateleza ndani yake. Rodi iteleze kwa urahisi. Ikikataa, isafishe kwa brashi ya chuma na uipulizie mafuta. Sukuma mkono wa transfa kwa mkono hadi uingie 4LO kabisa, kisha kaza bolti bila kusogeza liva. Kazi imeisha, isipokuwa bamba linaloshikilia kiungo kwenye bodi liwe limelika kwa kutu na linapinda unapovuta. Tazama pia mpira unaobeba giaboksi: ukikaa chini, giaboksi nayo inashuka, liva inabaki juu, na kipimo chako kitapotea tena.

SWALI: Fundi, gari la otomatiki la 4WD likikatika kiungo njiani likiwa P, tutalivutaje? – Msomaji, Kampala

JIBU: Mkiweza kufika chini, injini imezimwa na magogo yamewekwa, sogezeni mkono wa giaboksi kwa mkono kutoka P hadi N, mara nyingi hiyo inatosha kulisogeza gari pembeni. Lakini msilivute mbali hivyo. Pampu ya mafuta ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini ikizimwa na magurudumu yakazunguka, vilivyo ndani vinasagana vikavu.

Kama liva ya transfa ni nzima, iwekeni N, mvute polepole, kwa umbali mfupi. Kwa safari ndefu, fungueni propela. Tieni alama ya rangi kwenye maungio yake kabla ya kutoa bolti, la sivyo mkirudisha itatetemeka. Gari likiwa Land Rover, mkumbuke kwamba kutoa propela ya nyuma ni kutoa breki ya mkono pia, kwa hiyo magogo yabaki mahali pake hadi kamba ya kuvutia ikaze.